Unaenda Costa Rica? Karte ya njano kwanza, na bahari usiizoee

Toleo lililopita niligusia tu, kwa sentensi moja, kwamba niliishi miaka miwili Costa Rica kwa masomo, na tangu siku ile meseji hazikatiki. Mumeandika toka mitaa yetu ya Goma, Himbi, Katindo, Majengo, Ndosho, kuna dada mmoja wa Bukavu na kaka mmoja wa Lubumbashi. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha, majina nimeyaacha, nimebakiza mtaa tu.

SWALI: Jambo Yaya. Nimekubaliwa kusoma kwenye Chuo Kikuu cha Amani kule Costa Rica. Niko na paspoti ya Kongo. Rafiki zangu wanasema nchi ile haina jeshi, kwa hiyo hawasumbui mtu kuingia. Ni kweli? Nianzie wapi? (Kijana wa Katindo)

JIBU: Hongera sana mdogo wangu. Chuo kile nakijua, kilianzishwa na Umoja wa Mataifa 1980, kiko juu ya kilima karibu na Ciudad Colón, mwalimu anafundisha na ndege wa porini wanapiga kelele dirishani. Jeshi kweli hawana. José Figueres, kiongozi wao wa wakati ule, alilifuta tarehe 1 Desemba 1948, akagonga ukuta wa kambi kwa nyundo mbele ya watu, na ile kambi leo ni makumbusho ya taifa pale San José, mji mkuu, mlangoni wameweka bustani ya vipepeo. Nenda uione. Sisi tuliokulia Goma, kuingia kambi ya askari ukakuta watoto wa shule wanakimbiza vipepeo, ni kitu kinakaa rohoni.

Lakini jeshi na uhamiaji ni vitu viwili. Kwa paspoti yetu viza unaomba mbele ya kuondoka, na chuo njo kitakuambia upeleke karatasi ubalozi gani, kwa hiyo waandikie leo, usingoje kesho. Paspoti iwe na zaidi ya miezi sita, na uwe na karatasi za kuonyesha utalala wapi na utaishi kwa franga gani.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana shida kubwa haiko hata Costa Rica, iko njiani. Siku hizi wengi wetu tunavuka mpaka tunapandia ndege Kigali, halafu lazima upite Ulaya au Amerika. Madrid, Paris, Amsterdam, Frankfurt, kote kuna ndege zinazoenda San José moja kwa moja, ila paspoti ya Kongo iko kwenye liste ya zile zinazoombwa viza ya transiti kwenye nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza moja, hata kama hutoki nje ya uwanja wa ndege, hata kama unakaa saa mbili tu kwenye kiti. Marekani ni hivyohivyo, hakuna kupita bila viza ya transiti. Nilishaona kijana amelipa tiketi, ameagwa na familia nzima, mama yake amelia, halafu kwenye kaunta wakamrudisha na valizi yake. Njia ya ndege uichague kulingana na viza unayoweza kupata, usiichague kwa bei peke yake.

Na karte ya njano. Costa Rica inaomba chanjo ya homa ya manjano kwa mtu anayetoka Kongo, na sindano iwe imefikisha angalau siku kumi mbele ya kuingia. Ukisha kuichoma, tangu 2016 karte inahesabika kwa maisha yote, hakuna kurudia kila miaka kumi kama zamani. Wengi wetu tuko na karte za kununua, mtu anakugongea tampo na sindano hukuichoma, ili upite barrière haraka. Nawaomba, muache. Karte bila sindano haikulindi mwilini, na huko wanaisoma tarehe kwa tarehe.

SWALI: Dola zinafanya kazi kule? Na maisha ni ghali? (Mama mfanyabiashara, Birere)

JIBU: Zinafanya kazi mama, tena kwa masharti unayoyajua, ukipeleka dola iliyochanika kidogo au yenye wino watakuangalia kama wanavyokuangalia hapa sokoni Virunga. Franga yao inaitwa colón, na dola moja miaka hii imekuwa ikizunguka karibu colones 500. Noti ya 1000 ni nyekundu, wenyewe wanaiita rojo, kwa hiyo ukisikia mtu anasema kitu ni "rojo tatu" usishangae. Hoteli na parki unaweza kulipa kwa dola, lakini basi, soko na mgahawa mdogo lipa kwa colones, maana ukilipa dola chenji wanahesabu wanavyotaka.

Ghali? Ndiyo, ghali sana kwa mfuko wetu. Kwenye mgahawa bei ya menyu wakati mwingine haijaingiza kodi ya 13% na huduma ya 10%, kwa hiyo uliza kabla ya kukaa. Kinachookoa ni migahawa midogo ya mama wa nyumbani, wanaiita soda, hapo unaomba casado: sahani moja ya mchele, maharagi, ndizi za kuiva za kukaanga, saladi na kipande cha nyama ao samaki. Na wikendi kila mji iko na soko la wakulima, feria, mboga na matunda bei ya chini. Mimi miaka miwili nilikula feria.

SWALI: Tunaenda Oktoba, mimi na bwana yangu, wiki mbili. Nibebe nguo gani? Kule ni joto la Kinshasa ao baridi la kwetu? (Dada wa Bukavu)

JIBU: Dada, inategemea unasimama wapi. San José iko karibu mita 1,170 juu ya bahari, chini kidogo ya Bukavu na Goma, hewa utaizoea siku moja, jioni unavaa sweta nyepesi. Ukishuka pwani ni joto la kulowesha shati saa mbili asubuhi. Ukipanda Monteverde ni ukungu na baridi.

Ila Oktoba kwa upande wa Pasifiki ni mwezi wa mvua nzito kabisa. Mvua yao inaanza Mei mpaka Novemba, na jua Desemba mpaka Aprili, kwa hiyo ile Juni na Julai yetu ya vumbi, wao wanalowa. Kawaida asubuhi jua linawaka vizuri, saa saba saa nane mawingu yanafunga na mvua inamwagika mpaka jioni, kwa hiyo mambo yote mfanye asubuhi. Lakini upande wa Karibea uko na kalenda yake, Septemba na Oktoba kule mara nyingi ndio kunakauka na bahari inatulia. Kama tarehe hamuwezi kubadilisha, badilisheni upande: muende Puerto Viejo na Cahuita badala ya Pasifiki.

Njia ya kwenda Karibea toka San José ni ile ya namba 32, inapita kwenye milima ya Braulio Carrillo, na mvua ikikaza udongo unashuka wanaifunga. Watu wa Bukavu hamuhitaji kufundishwa udongo unaoshuka. Muondoke mapema, musipange kufika uwanja wa ndege siku ileile ya kusafiri mkitokea Limón, mji wa pwani ya Karibea, laleni San José usiku mmoja mbele.

Na gari la kukodi, kama mnataka: ile bei ndogo mnayoiona kwenye simu haina bima ya lazima, mkifika kaunta inapanda hata mara mbili. Ilinipata mimi mwenyewe, nikasimama pale na franga za siku tatu zimekwisha siku ya kwanza. Andikia wenye gari, uombe bei ya mwisho na bima yote ndani, kwa maandishi.

SWALI: Kule nako kuna volkano? Mimi nyumba yangu ilienda na moto 2002, sitaki kulipa tiketi nikafuate moto mwingine. (Baba wa Majengo)

JIBU: Pole sana baba, na nakuelewa. Volkano ziko, na hutakuwa umefuata moto ukienda na akili. Arenal ililipuka Julai 1968 baada ya kulala miaka mingi, ikafunika vijiji na kuua watu 87, halafu ikaendelea kutupa mawe na moto mpaka 2010, tangu hapo imetulia. Irazú kati ya 1963 na 1965 ilimwagia San José majivu, wazee wa kule wanasimulia kufagia paa kama sisi tunavyosimulia Nyiragongo. Tofauti ni kwamba lava yao haikimbii kama ile yetu ya 2002 na 2021, hatari yao kubwa ni gesi, mawe na majivu ya ghafla.

Poás njo ile unafika karibu na kreta kabisa, unanunua nafasi mbele kwenye intaneti, wanakupa kofia ngumu na unakaa juu dakika chache tu. Volkano ikichafuka wanafunga, hawaangalii umelipa ao hukulipa. Wakifunga, ushukuru urudi. Watalii wa Ulaya wanakasirika pale mlangoni, sisi wa Goma njo tungepaswa kuwaelezea.

SWALI: Yaya, sisi tunaogelea Kivu tangu watoto. Bahari itatushinda nini? (Vijana watatu wa Himbi)

JIBU: Wadogo zangu, swali lenu njo limenifanya niandike ukurasa huu wote. Hili naliandika na moyo unadunda.

Ziwa letu halina mamba, halina mawimbi ya kuvunja mtu, unaruka ndani asubuhi unatoka umetakata. Kwa hiyo tunakua na mawazo kwamba maji ni maji, ukijua kuogelea unajua. Mimi nilifika Pasifiki, karibu na Jacó, na mawazo hayohayo. Mawimbi yalikuwa yanavunjika kushoto na kulia, katikati kulikuwa na mahali maji yametulia, yamekuwa meusi kidogo, nikasema hapa njo pazuri. Niliingia mpaka kifuani. Dakika moja baadaye naangalia pwani, iko mbali. Nikaanza kuogelea kurudi, kwa nguvu zote, na kila nikiinua kichwa pwani iko mbali zaidi. Mzee mmoja aliyekuwa anauza madafu alikimbia mpaka ukingoni, anapunga mikono na kupiga kelele "de lado! de lado!", kandokando, kandokando. Nilikuwa na Kihispania cha miezi miwili lakini lile neno nililielewa. Niligeuka nikaogelea kufuata pwani, sio kuelekea pwani, mara nikasikia ule mvuto umeniachia, mawimbi yenyewe yakanisukuma nje. Nililala kwenye mchanga nusu saa sijui hata kusema asante.

Ile sehemu tulivu niliyoichagua njo ilikuwa mdomo wa mkondo. Maji yanayoletwa na mawimbi lazima yarudi baharini, yanatafuta njia moja, yanapita hapo kwa kasi, na mahali yanapopita mawimbi hayavunjiki, kwa hiyo macho yanakudanganya. Wenyewe wanaita corriente de resaca, na kila mwaka inachukua watu, wageni na wenyeji. Hakuna mwanadamu anayeushinda kwa kuogelea kurudi moja kwa moja, hata bingwa atachoka. Ukikamatwa: usipigane, elea, pumua, inua mkono juu watu wakuone, halafu ogelea kandokando na pwani mpaka mvuto ukuachie, ndipo urudi na mawimbi. Pwani nyingi hazina waokoaji. Kwa hiyo mbele ya kuingia muulize mvuvi, ao muuza madafu, "¿se puede nadar aquí?", yaani hapa mtu anaweza kuogelea, na akitikisa kichwa mukae kwenye mchanga.

Na midomo ya mito musiisogelee. Mukienda Jacó mutapita daraja la mto Tárcoles, watalii wanasimama pale juu kuangalia mamba wamelala kwenye tope kama magogo. Wale mamba hawakai chini ya daraja tu, wanashuka mpaka mahali mto unapoingia baharini, na mamba wa aina ile anavumilia maji ya chumvi. Sisi wa Kivu macho yetu hayajazoea kutafuta mamba, njo maana naonya mara mbili.

SWALI: Nilipewa adresi ya hoteli: "mita 200 kaskazini ya kanisa, mita 50 mashariki". Hii ni adresi ao utani? (Kaka wa Ndosho)

JIBU: Ni adresi kabisa, na wewe wa Ndosho utakuwa nyumbani. Si hapa tunasema shuka Entrée Président, ingia avenue ya pili, uliza kwa mama wa mikate? Kule mita 100 maana yake ni kona moja ya mtaa, usihesabu hatua, kwa hiyo mita 200 ni kona mbili. Kinachosumbua ni kwamba alama yenyewe inaweza kuwa ilikufa zamani, pale San Pedro, karibu na San José, watu wanaelekezana kwa mti wa mkuyu uliokatwa miaka mingi, wanasema mkuyu wa zamani na kila mtu anajua. Uliza jina la alama mbili, sio moja, na namba ya simu ya mwenye nyumba.

Teksi za kweli ni nyekundu zenye pembetatu ya njano mlangoni, zina mita wanaiita maría, mwambie dereva aiwashe. Za uwanja wa ndege ni rangi ya machungwa. Basi ni za bei nafuu na zinafika karibu kila kona ya nchi, ila San José haina stendi moja, kila upande wa nchi una stendi yake, kwa hiyo uliza vizuri basi lako linaondokea wapi. Begi liweke miguuni, usiliweke juu. Ndani ya gari lililopakiwa usiache kitu hata koti, wizi wa kuvunja kioo upo.

SWALI: Mimi ni mkulima wa kahawa pande za Minova, koperative yetu imealikwa kutembelea wenzetu wa kule. Tuangalie nini, na twende mwezi gani? (Papa wa Minova)

JIBU: Papa, nendeni Tarrazú, Januari kama mnaweza, ndipo mavuno yamekolea. Mutaona arabika kama yenu, milima kama yenu, na kikapu cha kupimia kinaitwa cajuela, karibu lita 20, mvunaji analipwa kwa kila cajuela, na wavunaji wengi wanatoka Nicaragua na kwa watu wa Ngäbe wa upande wa Panama. Mwaka wa 1989 serikali ilikataza kupanda robusta ili jina la kahawa yao lisichafuke, na marufuku ile ilikaa mpaka 2018.

Lakini kitu cha kukaa nacho chini, muulize mpaka muelewe, ni sheria yao ya 1961 kuhusu kahawa. Inapanga uhusiano wa mkulima, mwenye kiwanda cha kusafisha na muuzaji wa nje, na taasisi yao ya kahawa, ICAFE, inakaa katikati inaangalia mkulima amelipwa haki yake kulingana na bei ambayo kahawa iliuzwa. Mkulima anapewa kwanza malipo ya awali, na yanayobaki yanakuja baada ya hesabu. Ombeni muone karatasi zenyewe za hesabu, mupige picha. Na muone wakulima walionunua mashine ndogo za kusafishia nyumbani ili wauze wenyewe. Kuna pia Turrialba, kituo cha utafiti wa kilimo kinaitwa CATIE, wana shamba la aina nyingi za kahawa toka kote duniani. Mbegu wala miche musibebe, kwenda wala kurudi, bila kibali cha afya ya mimea, na viatu vya shamba muvioshe udongo wote mbele ya kupanda ndege. Ugonjwa wa shamba moja unaweza kusafiri kwenye soli ya kiatu.

SWALI: Sisi weusi tunapokelewaje? (Kaka wa Lubumbashi)

JIBU: Kaka, utaulizwa sana umetoka wapi, na ukisema Kongo wengi hawatajua iko wapi, mara nyingi ni udadisi tu. Mimi nilitendewa vizuri, ingawa siku mojamoja mlinzi wa duka alinifuata nyuma na wengine hakuwafuata, sitaficha hilo. Nenda Limón. Watu weusi wa kule wengi babu zao walitoka Jamaika kuja kujenga reli iliyoanza 1871, wakabaki kwenye mashamba ya ndizi, mpaka leo wanazungumza Kiingereza chao cha Krioli na kupika mchele na maharagi kwa tui la nazi. Tarehe 31 Agosti ni sikukuu yao, mji mzima uko barabarani na nguo za rangi. Mwaka wa 2018 mwanamke wa asili hiyohiyo ya Jamaika, Epsy Campbell Barr, akawa makamu wa rais. Mimi siku ya kwanza Limón, mama mmoja sokoni aliniita binti yangu, nikaharibika machozi.

SWALI: Nyoka? Umeme? Maji? (Wengi)

JIBU: Maji ya bomba sehemu nyingi unakunywa bila kuchemsha, mimi ilinichukua mwezi kuamini. Umeme ni volti 120, na plagi ni ya meno mawili bapa, kwa hiyo nunua adapta, shaja ya simu itafanya kazi ila pasi yako ya hapa haitapata moto. Malaria ni kidogo sana, zaidi pande za Limón na kaskazini, lakini denge ipo, na mbu wake anauma mchana, jipake dawa asubuhi. Nyoka wa kuogopa ni terciopelo, anakaa chini kwenye majani makavu, vaa buti ndefu na usitembee msituni bila tochi. Akikuuma piga 911, uende hospitali, usikate kidonda wala kufunga kamba. Dawa wanatengeneza wenyewe, Taasisi ya Clodomiro Picado ya chuo kikuu chao, na taasisi hiyohiyo inatengeneza pia dawa ya sumu ya nyoka wa Afrika.

SWALI: Mwanangu alienda kule mwezi uliopita. Nampigia asubuhi nikiamka, saa mbili, hapokei, mara moja alipokea na sauti ya mgonjwa. Nina wasiwasi. (Mama wa Mabanga)

JIBU: Mama, tulia, mtoto si mgonjwa. Kule wako nyuma yetu saa nane. Saa mbili yako ya asubuhi, kwake ni saa sita ya usiku, unamtoa kwenye usingizi. Mpigie saa kumi ya jioni, ukisha kuwasha jiko, yeye itakuwa saa mbili ya asubuhi, anakunywa kahawa mbele ya darasa.